Kujiandaa na maafa Dodoma: mwongozo kamili wa kaya, kutoka mavuno hadi mvua

Dodoma haiko kwenye njia ya vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kimbunga Hidaya kilipotikisa pwani yetu Mei 2024, huku ndani watu waliendelea na shughuli zao. Volkano iliyo hai, Ol Doinyo Lengai, iko mbali kaskazini. Kwa hiyo mkazi wa Kanda ya Kati ana haki ya kusema kwamba anaishi mahali penye utulivu, na wengi tunasema hivyo.

Lakini tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang' hadi mji wa Katesh, na watu 89 walipoteza maisha. Hanang' ni majirani zetu. Wengi wao nao walikuwa wakiishi kwa amani chini ya mlima waliouzoea tangu utotoni.

Mahali ambapo hatari huja mara moja kwa miaka mingi, mpango unaomtaka mtu aogope kila siku haudumu. Utaudumisha miezi miwili, kisha maisha yatakuvuta kwingine. Kinachodumu ni kuambatanisha kila kazi ya kujikinga na kazi ambayo tayari unaifanya katika msimu wake: kuvuna, kukarabati paa, kuchimba msingi, kuwapeleka watoto shule. Ndiyo sababu mwongozo huu unafuata kalenda ya Dodoma, kuanzia mavuno.

Hatua ya kwanza: soma ardhi yako wakati wa kiangazi

Juni hadi Oktoba ardhi iko wazi na majani yamekauka, kila alama inaonekana. Zunguka kiwanja chako na eneo la mita mia chache kuelekea juu ya mteremko. Tafuta mchanga mweupe uliotandazwa upya, takataka zilizonasa kwenye uzio au matawi ya chini, na mstari wa tope kwenye kuta za jirani. Hayo ni maandishi ya maji, yanakuambia yalipita wapi na kwa kimo gani.

Korongo kavu lisikudanganye. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kiasi kidogo, lakini karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi kwa vishindo vya saa moja au mbili juu ya ardhi ngumu isiyonyonya haraka. Korongo lililolala miaka mitano linaweza kujaa kabla hujamaliza kuanua nguo.

Waulize wazee wa mtaa maswali mawili: mvua za El Niño za 1997 na 1998 maji yalifika wapi, na ni nyumba ya nani imewahi kuhamwa kwa sababu ya maji. Ukinunua kiwanja, uliza kabla ya kulipa, na uwaulize watu wasio na faida katika biashara hiyo. Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179. Kila paa jipya na kila barabara ya lami humwaga maji ambayo zamani yalizama kwenye vichaka, kwa hiyo njia ya maji ya mwaka 2010 huenda isiwe ya leo. Wakazi wa maeneo ya bondeni kama Nkuhungu wanalifahamu hilo.

Kama nyumba tayari imejengwa bondeni, usikate tamaa. Inua kizingiti cha mlango, chimba mtaro unaoelekeza maji nje ya kiwanja bila kuyasukuma kwa jirani, na vitu vya thamani viwekwe juu ya meza au kabatini, si chini ya kitanda.

Hatua ya pili: chakula, na hapa tukae kidogo

Afa lililowaua watu wengi zaidi katika nchi ya Wagogo si mafuriko wala tetemeko. Ni njaa. Ile iliyoitwa Mtunya, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na mara baada yake, ilikuja baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Ukame peke yake watu walikuwa na mbinu za kuuvuka. Ukame uliokuta maghala matupu ndio uliowamaliza. Somo hilo halijazeeka: usalama wako wa Februari unaamuliwa na unachofanya Juni.

Anza na hesabu. Chukua kilo 10 za nafaka kwa mtu kwa mwezi kama kadirio la kupangia. Kaya ya watu sita itahitaji kilo 60 kwa mwezi, yaani kilo 720 kwa mwaka, magunia saba na kidogo. Hesabu magunia yako baada ya mavuno. Yakizidi, kilichozidi ndicho cha kuuza. Yakipungua, unajua mapema ni miezi mingapi utanunua, na utanunua Julai bei ikiwa chini, si Februari. Mahindi yanayouzwa soko la Kibaigwa wakati wa mavuno na kununuliwa tena wakati wa njaa humlipisha mkulima mara mbili. Weka angalau magunia mawili yenye alama, yasiguswe hadi Januari, na kila mtu nyumbani ajue hivyo.

Kuhusu mbegu nitasema wazi msimamo wangu: shamba la mahindi matupu katika sehemu nyingi za Dodoma ni kubahatisha. Panda mtama na uwele. Kuna aina zilizotolewa kwa ajili ya maeneo makavu, kama mtama wa Macia na uwele wa Okoa na Shibe, na kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kipo hapa hapa mkoani kwa ushauri. Kwelea kwelea watausumbua mtama, ni kweli, na kuwafukuza ni kazi. Bado ni afadhali kugombania punje na ndege kuliko kutazama mabua matupu.

Sasa sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Fangasi anayetengeneza sumu hiyo hupenda hasa mazao yaliyoteswa na joto na ukame shambani, kisha yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Maana yake ni kwamba mwaka wa mavuno haba, mtu anaposhawishika kula hata punje mbovu, ndio mwaka ambao punje hizo zina hatari kubwa. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Nafaka inaweza pia kuwa nayo bila harufu wala ladha ya kukushtua.

Kwa hiyo fanya hivi kwa mpangilio. Vuna mara mazao yanapokomaa, usiyaache shambani yakisubiri nafasi. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Pukuchua bila kupasua punje, maana punje iliyopasuka humpa fangasi mlango. Kisha pima ukavu kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, uiache itulie dakika kama kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado mbichi, irudishe juani. Isipoganda, imekauka vya kutosha kuhifadhi.

Halafu chambua kwa mkono. Punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa, zote nje. Kuchambua na kukoboa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Na zile mbovu usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa unayompa mtoto. Zichome au zifukie.

Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mfuko wa nje. Funga kila mfuko peke yake, toa hewa kwa kukandamiza, panga juu ya mbao mbali na ukuta. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, huhitaji dawa. Ila ukitia nafaka mbichi humo utakuwa umejitengenezea uozo.

Mtu akianza kutapika, tumbo kujaa na macho kuwa ya manjano baada ya kula nafaka mpya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na ubebe sampuli ya nafaka.

Na mifugo ni ghala pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla ya Novemba. Ukisikia Dodoma na Singida zimetabiriwa mvua chini ya wastani, uza madume na wazee wa zizi mapema wakiwa na nyama, ubaki na majike ya kuzaa. Mfugaji anayesubiri hadi malisho yaishe huuza mifupa, tena siku ambayo kila mtu anauza na nafaka imepanda.

Hatua ya tatu: maji ya kunywa

Jiji linategemea sana visima vya bonde la Makutupora, na umeme ukikatika pampu nazo husimama. Weka nyumbani maji ya siku tatu angalau: kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu sita ni lita 90, madumu matano ya lita 20 yenye vifuniko. Yatumie na kuyajaza upya kila baada ya wiki chache.

Kisha tazama paa lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10, kwa mvua ya milimita 550 na ukitoa sehemu ya tano inayopotea, linakupa lita 35,200 kwa mwaka. Tanki la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa mvua linatosha kaya ya watu sita kunywa na kupika kwa zaidi ya miezi mitano. Mvua ya kwanza iache isafishe bati, usiiingize tankini. Funika tanki vizuri mbu wasizalie. Kabla ya kunywa, chemsha hadi yatokote au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Hatua ya nne: paa na kuta, Septemba na Oktoba

Upepo mkali hutangulia mvua za kwanza, na ndio unaoezua. Panda juu au mtume fundi akague misumari ya bati, hasa pembeni na kwenye kona, kwa sababu upepo huanza kuinua bati kutoka ukingoni. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba bati, iwe imefungwa kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kwa waya mzito au vipande vya nondo vilivyoachwa wakati wa kumwaga zege. Kenchi iliyokalishwa tu juu ya tofali inashikiliwa na uzito wake, na hautoshi. Mawe juu ya bati ni hatari kwa atakayekuwa chini bati likiondoka.

Kwa wanaoishi kwenye tembe: paa la udongo huongezewa udongo kila mwaka hadi linakuwa zito kuliko nguzo zinavyoweza, na likilowa uzito huongezeka tena. Gonga kila nguzo kwa nyundo. Ikilia kwa uvungu, mchwa wameingia, badilisha kabla ya Novemba. Kabla ya kuongeza tabaka jipya la udongo, punguza la zamani.

Ukijenga upya, usikubali fundi akushawishi kuruka linta inayozunguka nyumba nzima yenye nondo. Hiyo inashika kuta dhidi ya upepo na tetemeko kwa pamoja, na ndiyo fedha nitakayokushauri uitafute hata kwa kuahirisha rangi na vigae.

Hatua ya tano: siku ya mvua kubwa

TMA hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo, kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Ya njano ikikukuta, safisha mtaro na chaji simu. Ya chungwa, ghairi safari zinazovuka makorongo. Ya nyekundu, wanaoishi bondeni wahamie kwa ndugu mapema, mchana.

Usivuke maji yanayokimbia. Sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kuelesha gari dogo, 60 zinachukua magari mengi ya kawaida. Mvua si lazima inyeshe ulipo. Korongo hujazwa na mvua ya vilimani huko juu. Dereva wa bodaboda akikuambia anapita kila siku, shuka, subiri. Mengi ya mafuriko hayo hupungua ndani ya saa chache.

Kubalianeni na mwalimu na mtoto mwenyewe: mvua kubwa ikimkuta shuleni, abaki shuleni hadi mtu mzima wa nyumbani afike. Makubaliano haya ni bure na yanaokoa maisha kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Radi: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba au gari, na ubaki hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mbuyu si mahali pa kujikinga. Wachunga mbuzi wafundishwe hili kwa jina la miti na vilima vyao wenyewe.

Hatua ya sita: wiki baada ya mvua

Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilifuatiwa na Homa ya Bonde la Ufa hadi 2007. Zaidi ya watu 100 walifariki nchini, na Dodoma ndiyo iliyoumia zaidi. Mbu huzaliana kwa wingi kwenye maji yaliyotuama, huambukiza mifugo, na watu huupata ugonjwa huo hasa kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Dalili ya kwanza iko zizini: mbuzi, kondoo na ng'ombe wengi kutupa mimba kwa pamoja na watoto wao kufa. Ukiiona, usichinje, usishike kilichotupwa kwa mikono mitupu, chemsha maziwa, na mwite afisa mifugo siku hiyo. Najua uchungu wa kufukia mnyama wakati nyumbani kuna njaa. Fukia.

Choo kikijaa maji, chukulia kisima cha karibu kuwa kimechafuka hadi kitibiwe.

Hatua ya saba: tetemeko, lisilo na msimu

Ukisafiri kwenda Manyoni, baada ya Bahi na Kintinku barabara inapanda ukingo mrefu. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na mipasuko inayohusiana nao inapita katika eneo letu. Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa karibu 5.5 lilitikisa Dodoma. Kagera, ambako wengi hawakulitarajia, lilipiga 5.9 tarehe 10 Septemba 2016 na kubomoa nyumba nyingi na kuharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Hakuna anayeweza kukutajia siku ya tetemeko lijalo; anayekutumia ujumbe wa tarehe na saa anakudanganya. Taarifa za kuaminika hutolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao yake hapa Dodoma.

Likianza ukiwa kwenye jengo la zege, inama, ingia chini ya meza imara, funika kichwa, shikilia hadi litulie. Usikimbilie ngazi wala lifti. Ukiwa kwenye tembe au nyumba ya tofali za udongo isiyo na linta, na mlango uko hatua chache, toka haraka uende uwanjani, mbali na kuta na nyaya. Ukiwa mbali na mlango, jikunje kando ya kitanda na ufunike kichwa. Leo jioni sogeza kabati zito mbali na kitanda cha mtoto au lifunge ukutani.

Hatua ya nane: moto na baridi ya Juni na Julai

Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba, hata likionekana limezimika. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua usingizini. Weka ndoo ya mchanga karibu na jiko.

Hatua ya tisa: begi, karatasi, jirani

Begi moja karibu na mlango: tochi, redio ndogo ya betri, dawa za wanaotumia kila siku za wiki moja, khanga mbili, sabuni, fedha taslimu kidogo, na nakala za kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja na kadi ya bima, zote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Piga picha za hati hizo umtumie ndugu aliye mkoa mwingine.

Andika namba kwenye karatasi ubandike ukutani, kwa sababu simu ikizima hukumbuki hata namba ya mwenzi wako: Zimamoto na Uokoaji 114, Polisi 112, mwenyekiti wa mtaa, afisa mtendaji wa kata, na ndugu mmoja wa nje ya Dodoma ambaye kila mmoja wenu atampigia mkitengana.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kwenye mkutano ujao wa mtaa uliza kamati yenu ni akina nani. Kama hakuna jibu, omba iwe ajenda, na wakati huo huo anzeni na balozi wenu: orodhesheni nyumba zenye mzee anayeishi peke yake, mtu asiyeona au asiyetembea, mama aliyejifungua karibuni. Mbele ya kila jina andikeni jirani wawili watakaokwenda kumtoa, wawili kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini. Orodha ipitiwe upya kila Oktoba, maana wapangaji huhama.